Gari jipya: ukiulizwa "kwa mwezi unaweza kutoa ngapi?", usijibu

Mpiga Hesabu

Wakuu, salaam.

Nina wiki ya tano nazunguka yadi za magari mapya. Sijanunua bado. Ila kuna jambo moja limenishtua, nikaona niliweke hapa mapema, na wenye uzoefu mnisahihishe nilipokosea.

Yadi ya kwanza nilipokelewa vizuri mno. Kijana wa mauzo akanipa funguo, tukazunguka na gari, tukarudi mezani. Hata sijakaa sawasawa, akaniuliza: "Mzee, kwa mwezi unajiona unaweza kutoa kama ngapi?" Nami kwa ujinga wangu nikamtajia.

Akavuta karatasi nyeupe, akachora msalaba mkubwa, vikapatikana vyumba vinne. Kimoja bei ya gari. Kingine thamani ya gari langu la zamani, ambalo nilitaka walichukue niongezee juu. Cha tatu kianzio. Cha nne rejesho la mwezi. Basi kila nikigusa chumba kimoja, kingine kinasogea. Nikibana bei, gari langu la zamani linashuka thamani. Nikilalamikia gari langu, anapandisha kwa moyo mkunjufu, halafu kianzio kinaongezeka. Mwisho akanishushia rejesho kabisa, nikafurahi, kumbe mkopo umetoka miaka mitano umekuwa sita. Miaka haikuwa na chumba kwenye ile karatasi! Na kalamu yake muda wote ilikuwa inazungushia duara cha nne tu, mpaka karatasi ikataka kutoboka.

Nilipoomba niondoke na karatasi akasema ni ya ofisi. Nikaipiga picha.

Usiku nikakaa na kikokotoo. Tufanye gari ni 1,000, fedha yoyote unayotumia. Riba ni asilimia 12 kwa mwaka, inayokokotolewa kwenye salio lililobaki.

Ukinunua kwa bei kamili, miaka mitano: unalipa 22.24 kwa mwezi, jumla 1,335.

Ukipunguziwa asilimia 5, ukakopa 950 kwa miaka sita: unalipa 18.57 kwa mwezi, jumla 1,337.

Someni tena taratibu. Huyu wa pili kapunguziwa bei, rejesho lake liko chini, kapiga simu nyumbani kutangaza ushindi, na bado atalipa zaidi ya yule ambaye hakupunguziwa hata senti.

Tangu siku hiyo nikiulizwa habari za mwezi najibu, "Tuanze na bei ya kutoka nalo getini." Yaani gari, kodi, usajili, namba, na kila ada wanayoijua wao, tarakimu moja, kwenye karatasi yenye jina la yadi. Nashangaa wengi wanavyoikwepa hiyo karatasi.

Keshi Mkononi

Haya matatizo ni ya wakopaji. Mimi naingia na hela yangu taslimu, naiweka mezani, muuzaji anatetemeka mwenyewe. Bei inashuka kabla sijafungua mdomo.

Afisa Mauzo Mstaafu

Mkuu Keshi, pole. Nimeuza magari mapya miaka tisa na sikuwahi kutetemeka. Labda nieleze kwa upande wa pili wa meza, kwa sababu sasa sina cha kupoteza.

Yadi ikikuuzia gari inapata faida kwenye sehemu kadhaa, na chuma chenyewe mara nyingi si sehemu nono kuliko zote. Kuna mkopo. Benki inaweza kukukubalia kwa asilimia 10, sisi tukakwambia 12, na sehemu ya hiyo tofauti ikarudi kwetu. Ni halali sehemu nyingi, na mteja haambiwi. Chukua huo mfano wa 1,000 kwa miaka mitano: kwa asilimia 10 unalipa jumla 1,275, kwa 12 unalipa 1,335. Tofauti ni 60, sawa na asilimia 6 ya bei ya gari. Nimeona watu wakihangaika saa tatu kutushusha asilimia 4, jasho linawatoka, halafu wanaingia chumba cha kusaini na kuturudishia yote kwa dakika kumi bila kujua.

Kwa hiyo mtu wa keshi, ukitangaza mapema kwamba unalipa taslimu, umeniambia kwamba mfuko wa mkopo umefungwa. Nami nitakaza kwenye bei. Usiseme uongo, ila hulazimiki kujieleza. Ukiulizwa utalipaje, sema utaamua bei ikishakamilika.

La pili ni gari la zamani. Hapa ndipo watu wengi wanapigwa huku wanacheka. Naweza kukupandishia gari lako kwa 30, ukaona nimekuthamini, kumbe hiyo 30 nilikuwa nimeishaitenga kama punguzo la gari jipya. Umejilipa mwenyewe. Mnunuzi aliyenitesa kuliko wote alikuwa mama mmoja mpole sana. Alipatana bei ya gari jipya hadi ikaandikwa. Ndipo akauliza, kama vile amekumbuka tu, "Na hili langu mnalichukua kwa ngapi?" Tayari alikuwa ameshapata bei kwa wanunuzi wengine wawili. Nilimtazama nikajua leo sili mtu.

Na kwa wenye deni ambalo halijaisha kwenye gari la zamani: ukisikia "tutalimaliza sisi hilo deni", uliza limeenda wapi. Kama gari lako lina thamani ndogo kuliko deni, ile tofauti inapandishwa juu ya mkopo mpya. Unaondoka na gari jipya huku unalipia magari mawili.

Mtoto wa Juzi

Mstaafu naomba kuuliza, ile "ngoja nikamuulize bosi" huwa mnamuuliza kweli?

Afisa Mauzo Mstaafu

Mara nyingine kweli, muuzaji ana kikomo chake na kuteremka chini ya hapo lazima meneja akubali. Mara nyingine nilikuwa nasimama nyuma ya mlango naangalia matokeo ya mpira kwenye simu. Dakika ishirini za kusubiri zinamchosha mteja, hasa akiwa na mtoto anayelia. Akichoka anataka yaishe. Dawa yake ni kuja bila mtoto, ukiwa umepumzika, na kusema mapema kwamba saa fulani unaondoka. Na kweli uondoke.

Mama Wawili

Mimi nilishaacha kwenda yadi kuongea bei. Naenda mara moja tu kukaa kwenye kiti, kuendesha, kuona kama viti vya watoto vinaingia. Siku hiyo siongei hela kabisa, wakinibana nasema sijaamua.

Nikishajua ninachotaka mpaka toleo na injini, naandika ujumbe mmoja, naupeleka kwa wauzaji watano. Maneno yale yale: nataka gari hili, la aina hii, naomba bei ya mwisho ya kutoka nalo getini ikiwa na ada zote zimeorodheshwa, nitanunua mwezi huu kwa atakayenipa bei nzuri. Safari iliyopita wawili walinijibu "karibu ofisini tuyajenge". Hao niliwaacha. Mmoja alikaa kimya. Wawili walinipa karatasi, nikamwonyesha mmoja karatasi ya mwenzake, nikamuuliza kama anaweza kuishinda. Akaishinda.

Kwa sisi wanawake kuna sababu nyingine. Ian Ayres na Peter Siegelman walichapisha utafiti mwaka 1995 uliofanyika Chicago, Marekani. Waliwapeleka watu waliofundishwa maneno yale yale ya kupatana bei kwenye yadi za magari mapya, wakakuta wanaume weupe wanatajiwa bei za chini kuliko wanawake na kuliko watu weusi. Maneno sawa, gari sawa, sura tofauti. Kwenye ujumbe wa maandishi sura yangu haionekani. Na nikienda kusaini sishtukizwi na tarakimu ambayo sijaiona.

Keshi Mkononi

Sawa Mama Wawili, ila kuna raha yake kuongea uso kwa uso. Mtu akikuona macho anajua huna mchezo.

Mama Wawili

Raha ni yako kaka, hela ni zangu.

Mtoto wa Juzi

Nisaidieni basi, mimi ni mgeni wa mambo haya. Nina ofa mbili mkononi, bei ya gari ni ile ile, miaka mitano. Moja riba asilimia 7, nyingine 11. Nachukua ya 7, si ndiyo? Mbona naona kama mtego.

Mpiga Hesabu

Mdogo wangu, kabla hujasaini uliza swali moja: hiyo 7 ni riba bapa au inakokotolewa kwenye salio linalopungua?

Riba bapa maana yake wanachukua asilimia 7 ya mkopo wote kila mwaka, hata mwaka wa tano ambapo umebakiza kidogo tu. Kwa mkopo wa 1,000 ni 70 mara tano, 350. Jumla 1,350, yaani 22.50 kwa mwezi. Ukiigeuza iwe riba ya salio linalopungua, inakuwa kama asilimia 12 na nusu.

Ile ya 11, kama ni ya salio linalopungua, rejesho ni 21.74, jumla kama 1,305. Kwa hiyo 11 ni rahisi kuliko 7. Najua inakera.

Omba kila mmoja akuandikie mambo mawili tu: rejesho la mwezi na idadi ya marejesho. Zidisha, kisha ongeza ada za mkopo kama zipo. Asilimia waachie wao.

Mtoto wa Juzi

Duh. Nimempigia sasa hivi. Kasema "ni bapa, lakini ndogo".

Afisa Mauzo Mstaafu

😂 "Bapa lakini ndogo." Huyo nilimfundisha mimi.

Spana 13

Mnaongea hela, niongeze upande wa gari lenyewe, maana "jipya" ni neno pana.

Gari linaweza kuwa halijawahi kusajiliwa lakini limesimama yadi mwaka mzima, jua lake, mvua yake. Tazama ubavu wa tairi, utafute alama ya DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Tazama matairi yote, moja likiwa na tarehe ya mbali na wenzake uliza kwa nini. Tazama kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, mara nyingi kinaonyesha lilitengenezwa lini. Namba ya chesisi ina herufi na tarakimu 17, ilingane kwenye kioo, kwenye mwili wa gari na kwenye nyaraka. Ukiona ndani yake kuna herufi I, O au Q, simama hapo hapo, hizo hazitumiki ili zisichanganywe na 1 na 0.

Odometa nayo. Kilomita chache za kulishusha na kulijaribu ni kawaida. Ukikuta mamia, hilo lilikuwa la kuendeshwa na wateja au la meneja. Si dhambi kulinunua, ila si la bei ya jipya, na uulize waranti imeanza kuhesabiwa lini.

Gari lililokaa sana ndilo lenye punguzo kubwa lakini. Msilikimbie, likagueni. Betri na matairi mnaweza kuviingiza kwenye mapatano.

Usilipokee usiku, wala mvua ikinyesha. Maji yanaficha mikwaruzo yote.

Afisa Mauzo Mstaafu

Spana kagusa penyewe. Yadi nyingi hazijanunua yale magari kwa hela yao, zimekopa, na zinalipa riba kila siku gari linaposimama. Gari la wiki moja halinisumbui. La miezi minane meneja analitaja kila kikao cha asubuhi. Uliza kwa upole, "Lipi limekaa hapa muda mrefu?" Wengi wetu tutakuonyesha kwa furaha.

Mwisho wa mwezi nao si hadithi. Yadi ina lengo la idadi kutoka kwa kampuni mama, ikilifikia inapata bonasi. Tukibakiza gari moja kufikia lengo, hilo moja tunaweza kuliuza hata kwa hasara. Tatizo ni kwamba huwezi kujua kama tumebakiza moja au tulishavuka tarehe 20. Jaribu, ila usijenge mkakati wote juu ya kalenda.

Na ile bei kwenye kioo ni pendekezo la kiwanda. Marekani waliweka sheria mwaka 1958 kulazimisha kibandiko hicho, mpaka leo kinaitwa kwa jina la seneta Mike Monroney aliyeipigania, kwa sababu kabla ya hapo kila muuzaji alitaja bei kulingana na viatu vya mteja. Lakini pendekezo linaweza kuvukwa pande zote mbili. Mwaka 2021 chipu za kompyuta zilipoadimika, viwanda vikapunguza magari, watu wakawa wanalipa juu ya kibandiko na kushukuru. Kama gari unalolitaka lina foleni ya wanunuzi, mbinu zote za hapa zina nguvu kidogo. Badili gari au subiri.

Subira

Mimi natofautiana kidogo na ninyi. Mnabana watu mpaka damu, halafu kesho mnarudi kwao kufanya sevisi. Mtakumbukwa. Kwa nini yadi zisiweke bei moja tu, kila mtu alipe sawa, tuache hizi purukushani?

Mpiga Hesabu

Hilo la bei moja lilishajaribiwa. Saturn, chapa ya magari ya General Motors ya Marekani, ilianza kuuza mwaka 1990 kwa bei isiyo na mapatano, na watu waliipenda kwa hilo. Tesla nao wanauza moja kwa moja, bei iko wazi kwa kila mtu. Sina tatizo nayo, inapunguza presha. Lakini gari lako la zamani bado litapangiwa bei, mkopo bado una riba. Bei moja inafunga mfuko mmoja tu.

Afisa Mauzo Mstaafu

Kuhusu kukumbukwa: fundi wa sevisi hajui ulinunua kwa ngapi, wala hajali. Anayekumbukwa ni mteja aliyetukana. Bana bila kugomba. Yule mama mpole niliyemsimulia mpaka leo ananisalimia.

Mtoto wa Juzi

Swali la mwisho nawaahidi. Kampuni inatoa mkopo wa riba sifuri kwa miaka mitatu, AU punguzo la asilimia 10 ukileta mkopo wako. Lipi?

Mpiga Hesabu

Inategemea benki yako inakukopesha kwa ngapi. Gari la 1,000 kwa riba sifuri unalipa 1,000. Ukichukua punguzo unakopa 900: benki ikiwa asilimia 12 utalipa 1,076, ikiwa 6 utalipa 986. Ndiyo maana nenda benki KWANZA, upate barua ya kukubaliwa mkopo, ndipo uingie yadi. Ukiwa na barua mfukoni, mkopo wao unakuwa ofa tu kama ofa nyingine, wakiishinda benki chukua wao.

Hakikisha pia hiyo sifuri haijafidiwa kwenye bei. Omba karatasi mbili, moja ya taslimu na moja ya sifuri, ulinganishe.

Mpiga Hesabu

Wakuu, mrejesho. Nimenunua Ijumaa.

Nilifuata njia ya Mama Wawili, ujumbe kwa yadi sita, karatasi tatu zikarudi. Nikachagua moja, tukakubaliana, nikaenda kusaini. Mezani tulikuwa tumemaliza, kumbe kuna chumba kingine, na huko kuna mtu mwingine, mwenye koti na kompyuta. Huyu haongei bei. Anaongea "kinga". Waranti ya nyongeza. Bima ya mkopo. Dawa ya kupaka rangi isififie. Nitrojeni kwenye matairi! Nikamwambia hewa ya kawaida ni nitrojeni asilimia 78 na ni ya bure, akacheka, akaenda ukurasa unaofuata. Kila kitu alikitaja kwa mwezi, nikigeuza kwa kipimo chetu cha gari la 1,000: "ni 0.4 tu kwa mwezi, mzee." Mkopo wangu ni wa miezi 48. Nikawa nazidisha kwa sauti kila anachotaja. Baada ya cha tatu akaacha kutaja.

Waranti ya nyongeza niliifikiria kweli, si kila kitu ni wizi. Lakini ya kiwanda bado ina miaka, na alipokiri naweza kuinunua hata baadaye kabla ile ya kiwanda haijaisha, nikamwambia tutaonana wakati huo.

Halafu kwenye mkataba nikakuta mstari ambao haukuwa kwenye karatasi yao: "ada ya maandalizi". Nikaiweka karatasi yao kando ya mkataba, nikaweka kidole kwenye jumla ya huku na jumla ya huku, nikanyamaza. Akasema mfumo unaiweka wenyewe, hauondoleki. Sikugomba. Nikachukua funguo za gari nililokuja nalo, zilikuwa mezani, nikasimama, nikamshukuru. Nilikuwa nimefika nje kabisa kijana wa mauzo akaja mbio. Mfumo ulikuwa umekubali kuiondoa.

Gari la zamani sikuwaachia, nililiuza mwenyewe siku mbili kabla. Hizo zilikuwa funguo za gari la shemeji 😀

Spana 13

Hongera mkuu. Tairi zinasomaje?

Mpiga Hesabu

Zote nne wiki moja. Betri wamebadilisha, nilidai, gari lilikuwa limesimama miezi saba.

Mama Wawili

Hongera sana kaka. Rangi gani?

Mpiga Hesabu

Kahawia. Ndiyo maana lilikuwa limesimama miezi saba.